Pete Iliyogeuka Nyeupe

Didia, 2 Agosti 2024

Mke wangu Limi,

Kosa wanalolifanya wanafunzi wengi wa kemia, na wewe umo, ni kudhani kwamba kimiminika husubiri kuchemka ndipo kigeuke mvuke. Nimesoma karatasi ya mtihani uliyonitumia. Swali la tatu umeandika: "Chini ya nyuzi za mchemko hakuna mvuke." Mwalimu wako amekupiga mkasi mwekundu wa kosa, na amefanya haki. Hapo ndipo ilipotoka hiyo sapu yako, huo mtihani wa kurudia.

Marehemu bibi yako alikuwa anaanika khanga kivulini, ndani ya nyumba, masika. Asubuhi imekauka. Nani aliichemsha?

Fikiria mnada wa ng'ombe. Watu wamebanana ndani ya kamba. Wengi wametulia, lakini pembeni hakosekani mmoja mwenye haraka, anairuka kamba na kwenda zake. Jua likiwaka wanaoruka ni wengi, likipoa ni wachache. Hakuna saa ambayo hakuna anayeruka. Kuchemka ni siku ile tu ambayo mnada wote unavunjika kwa pamoja. Na ukijenga ukuta kuzunguka mnada, wale walioruka hawana pa kwenda. Watajazana humo humo. Ndivyo ilivyo kwa maji, spiriti, mafuta ya taa, na hata vimiminika vizito ambavyo ukivitazama utaapa havina mpango wa kuondoka.

Soma hilo mara mbili, kisha ufanye maswali niliyokuandikia nyuma ya karatasi hii. Najua hapo Kharumwa hukwenda kusoma, umekwenda kumshika mkono mama yako mdogo Sesilia. Nyonga yangu isingevunjika, ningekuwa nimemzika mkwe wangu Herman kwa mikono yangu. Mwambie mwanangu hivyo. Kaa naye mpaka tanga lianuliwe, lakini usiku soma. Ukidisko, chuo kikakufukuza, mimi sitaki mke asiye na digrii.

Usinipigie simu. Masikio yameshafunga ofisi, na yale maandishi ya kwenye kioo siyaoni. Mpe barua utingo wa basi la Shinyanga, ananifahamu.

Babu yako na mumeo mzee,
Mwalimu Mabula


Kharumwa, 9 Agosti 2024

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Barua imefika na mnada wako nimeuelewa. Nimefanya maswali yote, la nne limenitoa jasho. Nimeyaambatanisha, usahihishe kwa huruma, kumbuka ni mkeo.

Hapa tunaishi kwa sheria za shangazi Anisia, dada yake marehemu. Mwanamke huyu angekuwa kamanda. Kwao mjane hukaa chumba alicholala na mumewe, mlango umerudishwa, dirisha limezibwa, pasifagiliwe wala pasipakwe udongo mpaka tanga lianuliwe. Itakuwa Jumamosi ya tarehe 31. Ukifagia, anasema, umemfukuza marehemu kabla hajaaga. Ukitoka kulala kwingine, umekiri kwamba ulimuua. Kwa hiyo mama mdogo yupo chumbani, na mtoto wake Kamili, na mimi nimetandika mkeka chini pembeni ya kitanda chao. Ni chumba cha udongo, bati juu, hakuna dari. Mchana ni tanuri. Usiku joto hutoka kuta zenyewe.

Sasa nikueleze jambo. Unaikumbuka pete ya mama mdogo? Ile Herman aliyomtengenezea kwa sonara Geita, kwa dhahabu aliyoinunua mwenyewe kidogokidogo kwa wachimbaji? Juzi tumeamka ni nyeupe. Si chafu, Babu. Nyeupe kama kijiko. Usiku uliotangulia ilikuwa njano, niliiona kwa macho yangu akisali rozari.

Shangazi Anisia, mwenye hereni zake za dhahabu masikioni, aliishika, akaigeuza, akairudisha taratibu.

"Mama Kamili, mumeo anakudai."

"Ananidai nini, wifi? Nimempa kila kitu."

"Alikuvisha njano. Anakuvua kwa nyeupe. Anajitayarisha kukuchukua."

Nikasema, "Shangazi, chuoni tunafundishwa kila badiliko la rangi lina sababu yake."

"Chuoni mnafundishwa na walio hai, binti yangu. Huyu ni marehemu."

Wanawake wakacheka, hata mimi nilicheka. Lakini usiku mama mdogo hakulala. Alikaa kitandani, mkono juu ya mkono ili mmoja usitetemeke. Marehemu naye alikuwa akitetemeka hivyo miezi yake ya mwisho, mpaka chai ilikuwa ikimwagikia shati.

Niambie kuhusu pete.

Mkeo mdogo,
Limi


Didia, 13 Agosti 2024

Mke wangu,

Umepata nane katika kumi. La nne umelikosea kwa njia ya heshima.

Pete ni swali rahisi, na nafurahi umeniuliza mimi badala ya kwenda kwa mganga. Dhahabu ina ulafi mmoja tu duniani: hunywa zebaki. Ikigusana nayo, au na mvuke wake, huinywa na kugeuka nyeupe. Wachimbaji wadogo wanajua. Mchanga uliosagwa huwekwa kwenye karai, hutiwa zebaki, nayo huzunguka ikikusanya vumbi la dhahabu kama kuku akusanyavyo vifaranga. Lile donge wanalichoma. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Kilichopaa ndicho kinachoua. Hakina rangi wala harufu, na huanzia kwenye mikono na fizi, kisha huingia kichwani. Mtu huwa mkali, halafu huwa mwoga, halafu hajijui. Sasa nafikiria upya maradhi ya Herman. Walisema karogwa, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mbali.

Basi hapo nyumbani kuna mtu anachoma. Pengine Festo, mdogo wake marehemu, anamalizia mali ya kaka yake. Muulize Sesilia waziwazi, kwa jina langu. Anayechoma na akachomee mbali, porini, akiupa upepo mgongo. Ukiuzima moto huo, umemaliza habari.

Mtazame mtoto viganja. Uniandikie ulichokiona.

Mumeo,
Mwalimu Mabula


Kharumwa, 19 Agosti

Mheshimiwa Babu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Nimemuuliza mama mdogo. Hakuna anayechoma. Festo yuko Geita tangu mazishi. Hapa moto ni wa kupikia tu, na uko nje. Nimemuuliza mama mdogo. Alinitazama sana kisha akasema, "Tangu Herman alale, hakuna moto uliowashwa chumba hiki, naapa." Kwa hiyo si zebaki. Umekosea, Babu, samahani kwa kusema hivyo. Ni jambo jingine.

Kamili viganja vyake ni vyekundu na vinabambuka kama kitunguu. Hachezi. Anakaa amekumbatia magoti na taa ikiwashwa anakereka.

Sitoki nje siku hizi. Watu wananitazama. Utingo aliniita jina langu nikalia, sijui kwa nini. Mate yangu yana ladha ya sarafu. Nilifungua daftari nikashindwa kukumbuka kinachofuata baada ya kaboni. Nikajiambia nitakumbuka baada ya kulala, lakini kulala hakupo.

Nataka kukuambia wewe peke yako. Anakuja mchana, si usiku. Bati likianza kulia kwa jua, yeye anaanza kupumua. Mama mdogo anamsikia pia, hatuambiani, tunatazama tu ukuta wa nyuma ya kitanda. Halafu ukuta unatoa jasho. Kwenye ufa kuna nyota, ndogo kuliko punje ya ulezi, zinang'aa. Ukizigusa zinakimbia, kisha zinaungana na kuwa jicho. Mwanzoni nilikuwa naogopa. Sasa nikiondoka chumbani ndipo naogopa.

Nimekufungia moja ndani ya karatasi ya biskuti. Usimwonyeshe mtu.

Limi Mabula


Kharumwa, 21 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Naandika kwa shida, mkono haunitii, naomba uvumilie mwandiko.

Limi ananiita kwa jina la dada, mama yake mzazi. Jana amekaa kona moja kutwa nzima anaongea na ukuta, anacheka polepole. Nilipomshika bega alipiga kelele kama nimemchoma.

Baba, nimemwapia Limi kweli lakini sikumwambia yote. Tangu Herman alale hatujachoma. Ila alipokuwa hai alikuwa anachoma humu humu chumbani, nyuma ya kitanda, kwenye jiko la mkaa, miaka sita. Alikuwa anatutoa nje mimi na mtoto, anafunga mlango na kuziba dirisha ili majirani wasijue leo amenunua kiasi gani. Alisema mwenye dhahabu akionekana anachoma, usiku huo huo anavamiwa. Aliniapisha kwa mtoto nisiseme. Hata dada yake hajui. Wanadhani alikuwa anapeleka mjini kama ilivyo, bila kuichoma.

Nauliza, baba. Moto umezimwa tangu mwezi wa saba. Moshi umeshatoka. Kama ni ile zebaki mbona inazidi sasa? Je, si kweli kwamba ni yeye? Kwa sababu nimekaribia kuivunja ile ahadi, na pete iligeuka nyeupe usiku ule ule nilipotaka kumwambia Limi.

Siwezi kutoka kabla ya tarehe 31. Nikitoka watasema mimi ndiye niliyemuua, na Kamili watabaki naye. Usimwambie wifi Anisia.

Mwanao,
Sesilia


Didia, 23 Agosti 2024

Kwa Mama yetu Anisia,

Habari za msiba, na poleni tena. Ninakuandikia mimi, baba wa mjane, kwa sababu nyumba hiyo sasa ina neno moja, nalo ni lako. Barua hii anakuletea Wiliam wa bodaboda kutoka hapa Didia. Nimemwambia asigeuze pikipiki mpaka umeisoma yote.

Mwanangu aliniomba nisikuambie. Namvunjia ombi lake kwa sababu anakufa. Marehemu kaka yako alikuwa akichomea dhahabu ndani ya chumba kile, mlango umefungwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa wezi, kama kila mwenye kitu kidogo. Lakini zebaki iliyopaa kwenye jiko lake ilipanda, ikagonga ukuta uliopoa, ikarudi kuwa matone. Udongo uliyanywa kila siku, miaka sita.

Mjukuu wangu ameniletea tone moja ndani ya karatasi. Lilikimbia juu ya meza yangu, nikalifungia kwenye chupa yenye maji. Ni zebaki. Mimi nilimwandikia kwamba moto ukizimwa habari imekwisha. Mwanzoni mwa mwezi huu huu nilikuwa nimemfundisha kinyume chake, kwamba kimiminika hakisubiri moto. Nililitaja somo na nikashindwa kulitambua lilipobisha hodi.

Jua linapopiga bati, ukuta unapata joto na zebaki inatoka. Mlango umerudishwa, kwa hiyo haina pa kwenda ila kifuani mwa waliomo. Mvuke wake ni mzito, na Limi amelala chini. Wewe hulali humo, Mama. Itazame hereni yako ya dhahabu kwenye kioo, kisha uitazame pete ya wifi yako. Kama marehemu ana madai, mbona anamdai hata mtoto wake aliyempenda?

Sikuombi uvunje mila ya kwenu. Nakuomba uitafsiri, kwa kuwa wewe ndiye unayeijua. Mjane anakaa mahali pa mumewe. Je, uani pale alipokuwa akinywa chai, si mahali pake? Funga turubai hapo, lizungushe khanga, mweke humo na mtoto na mjukuu wangu, na tanga lianuliwe siku yake. Kisha Wiliam awatafutie gari la kuwafikisha hospitali ya mkoa, na daktari atajiwe neno zebaki kabla hajauliza. Chumba msikitumie tena.

Nikiwa nimepiga magoti, kwa kadiri nyonga inavyoruhusu,
Mwalimu Mabula


Kharumwa, 15 Oktoba 2024

Mwalimu wetu Mabula,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, nilikuwa na mambo mengi na kalamu siizoei.

Nilikukasirikia siku ile. Wiliam shahidi, nilimwambia akuambie mzee wa Didia amechanganyikiwa. Halafu nikaenda kwenye kioo. Hereni njano kabisa. Nikaingia chumbani nikasimama muda, bati lilikuwa linalia. Nikauona ule ufa. Nikabeba mtoto, nikamwambia Mama Kamili, "Herman ameniambia anasikia joto, anataka kukaa nje." Hakuna aliyebisha. Nani abishane na marehemu? Limi tulimtoa wanne, alikuwa anang'ang'ania mguu wa kitanda.

Nimefurahi kusikia Kamili anacheza tena na mama yake anashika kikombe. Limi najua hakufanya mtihani wake. Mwambie shangazi yake anamwombea na asinichukie.

Sasa nikupe habari njema, nyumba imepata furaha baada ya msiba. Festo ameoa! Msichana wa Ushirombo, Rebeka, familia ya dini. Na usiwe na wasiwasi kuhusu chumba, hatukulidharau neno lako. Tulikiacha wazi wiki nzima, tukafagia, tukasugua, tukapaka chokaa kuta zote mpaka ufa hauonekani. Padre akanyunyiza maji ya baraka. Moshi gani ungebaki baada ya hayo? Ndipo nikawapa maharusi, kwa sababu ndicho chumba kikubwa na Festo hana pengine.

Rebeka ni mpole, hata amezidi, siku hizi hatoki nje, anawaonea haya watu. Nadhani ni mimba. Anajivunia pete yake kweli. Wakati wa harusi ilikuwa ya njano, lakini asubuhi hii amenionyesha, imekuwa nyeupe inang'aa. Anasema kumbe Festo alimnunulia ile ya bei kubwa, ya dhahabu nyeupe ya nje. Nimemwacha na furaha yake, kwa kuwa chokaa tumeshapaka.

Wako katika msiba na harusi,
Anisia


Didia, 17 Oktoba 2024

Shangazi Anisia,

Shikamoo. Ni Limi. Mume wangu mzee amesoma barua yako, akaiweka mezani, akanisukumia kalamu. Kwa hiyo naandika mimi. Mwandiko wangu bado unatetemeka, lakini kichwa ni changu sasa. Sikuchukii. Wewe ndiye uliyenibeba miguu, nakumbuka.

Mtihani nitaurudia mwakani. Swali la tatu nalijua. Niliwahi kuandika kwamba kabla ya kuchemka hakuna mvuke, nikapigwa mkasi. Shangazi, zebaki haikuwa moshi. Iko ndani ya udongo, na chokaa ni nguo tu uliyouvisha. Jua la leo litapiga bati kama lilivyopiga kwa Herman, kwa mama mdogo, kwangu. Rebeka haoni haya kwa sababu ya mimba. Mimi nilianza hivyo hivyo. Kesho au keshokutwa atakuambia anasikia mtu anapumua ukutani, na atamwona ni rafiki, na ukimshika mkono kumtoa atalia kama anatengwa na mama yake. Usimsikilize akilia.

Wiliam yuko mbele yako na pikipiki haijazimwa. Usimwite padre, usimngojee Festo arudi, usitafute maneno ya kumwelezea.

Ingia sasa hivi, mtoe Rebeka chumbani.

Limi